Kompyuta Inapona kwa Fundi, Ikifika Shauri Moyo Inaugua

Mpendwa Shangazi Wacera, naomba unisaidie kabla sijauza cherehani ya mke wangu. Mimi ni karani katika kampuni moja ya Industrial Area, na mwaka jana ofisi iliponunua kompyuta mpya mdosi alinipa ile kuukuu, yenye skrini ya herufi za kijani, pamoja na mashine yake ya kuchapia, nikaisukuma kwa mkokoteni mpaka nyumbani Shauri Moyo huku majirani wakinisindikiza kama bwana harusi, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayechapa programu za harusi na mazishi za kanisa letu. Sasa shemeji yangu Nthambi anaolewa tarehe ishirini mwezi ujao, na nimeahidi mbele ya kamati nzima kwamba programu zitatoka kwangu.

Shida ilianza baada ya Pasaka. Nikiiwasha, nusu saa haiishi herufi zinaanza kutetemeka, skrini inajaa mistari, halafu giza. Nikaipeleka mjini kwa fundi Laban, akaiwasha asubuhi, ikashinda mezani kwake mpaka jioni bila hata kukohoa, nikairudisha nyumbani, nusu saa, mistari. Nimeipeleka mara tatu. Nilianza kushuku redio kubwa ya jirani yangu Wamalwa, na kusema kweli ni wiki mbili sasa sijamsalimia.

Laban anasema ni kadi, yaani kile kibao cha ndani kinachopeleka picha kwenye skrini. "Buda, hii kadi imechoka," aliniambia. "Chukua ya rangi, utanikumbuka." Anazo mbili, moja ya kawaida yenye herufi safi, na moja ya rangi, ambayo rangi zake ni nne tu na mojawapo ni nyeusi. Mke wangu Kavutha anataka ya rangi kwa sababu harusi ya dada yake ni ya rangi ya pichi, ingawa pichi haimo katika hizo nne, na amekubali tuuze cherehani yake. Moyo unaniuma, Shangazi, maana cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha nilipoachishwa kazi mwaka wa themanini na nne.

Usidhani hatuitunzi kompyuta. Mama mkwe, Mama Ndindi, aliifumia kitambaa cha manjano cha maua kama zawadi ya Pasaka, kinaifunika kuanzia juu mpaka mgongoni, kizito kuliko kile alichoifumia redio yetu, hata kelele ya feni haisikiki tena. Kila Jumapili akitoka kanisani anapita kuhakikisha kimekaa sawa. Naomba uniambie, ninunue kadi ipi?

Kilonzo, Shauri Moyo

*

Kilonzo mwanangu, usinunue hata moja. Barua yako nilimsomea fundi wa mitambo hapa gazetini, na tulipofika kwenye kitambaa aliweka kikombe cha chai chini akaniomba nirudie. Kompyuta inahema kwa mgongo, na nyinyi mmeivalisha sweta. Kwa Laban inakaa uchi kutwa nzima, ndiyo maana inapona. Shida ilianza baada ya Pasaka, kitambaa kilikuja Pasaka, yote mawili umeyaandika kwa mkono wako, na bado ukamnunia Wamalwa! Kamsalimie leo, na usimweleze sababu.

Tena skrini ya kijani itabaki ya kijani hata uiwekee kadi ya dhahabu. Mwambie Kavutha anunue karatasi za rangi ya pichi uchape juu yake, na dada yake ataolewa vizuri tu.

Lakini mimi si mjinga, najua kinachokutisha. Uliposikia feni imenyamaza ulijua kuna kitu, ila ukaona afadhali uuze cherehani ya mkeo kuliko kugusa kazi ya mikono ya mama mkwe. Hilo ni kosa, na nimekasirika kwa niaba ya Kavutha. Hata hivyo nakuonea huruma, kwa sababu mkwe hawezi kusimama mbele ya mama mkwe na kumwambia aondoe zawadi yake. Basi usimwambie. Hiyo ni kazi ya binti yake.

Jumapili hii iwashe mapema, ikiwa na kitambaa chake. Mama Ndindi akifika, wewe toka nje ukaongee na Wamalwa. Kavutha amshike mama yake mkono, auingize chini ya kitambaa pale mgongoni, na aseme maneno haya tu: "Mama, ina homa." Asiongeze lingine. Mama aliyelea watoto hamfunikii mwenye homa blanketi la pili, atakivua mwenyewe. Na ukirudi ndani ukute amekitandika juu ya cherehani, kisifu sana, maana hiyo haina feni, na haijawahi kukugomea hata siku moja.