Mtu wa Kuwasha

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amepita tena. Hata kiti hakukalia. Kaizunguka pikapu ya kaka yake, kapiga teke tairi, katikisa kichwa. Gari linaoza, shemeji, kasema. Jumamosi analeta watu walivute, likauzwe vipande vipande. Nikamuuliza, na likiwaka? Akacheka. Likiwaka, libaki.

Haya! Nimemshika kwa maneno yake mwenyewe.

Hajui kwamba ubovu naujua. Ni mpira wa mafuta, ule unaounga bomba la chuma la kutoka tangini na lile la kwenda kwenye injini. Umekauka, umepasuka. Marehemu mume wangu alikuwa aubadilishe wiki ileile aliyolazwa.

Jumanne, 5 Machi

Duka la spea. Muuzaji kaupinda mpira mbele yangu — huu ndio wa petroli, ule wa maji usijaribu, petroli itautafuna. Halafu kauliza, mzee mwenyewe yuko wapi, mbona kakutuma wewe? Nikasema yuko nyumbani, chini ya gari.

Uongo! Umenitoka tu. Njia nzima nikawa na furaha ya kijinga, kama kweli kuna mtu anausubiri mpira wake.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimelala chini ya gari kwa mara ya kwanza maishani. Miaka yote mimi nilikuwa mtu wa ufunguo. Yeye chini, mimi kwenye usukani. "Washa!" Nawasha. "Zima!" Nazima. Sikuwahi kuona alichokuwa anakiona. Kumbe ni kutu, tope, na ncha ya bomba iliyovimba kidogo ili mpira usichomoke.

Nimekata mpira wa zamani. Petroli imenimwagikia hadi kwapani. Mpya ukakataa kuingia. Nikaupaka oili kidogo, nikasukuma huku nautukana, ukapita kile kivimbe. Nikashangilia peke yangu. Kugeuka — klipu zote mbili za kuubana mpira ziko juu ya boneti, na lazima zitangulie kuvishwa! Nikachomoa, nikaanza upya.

Nanuka kama yeye. Kuoga nimeahirisha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewasha mwenyewe. Injini inakohoa, haishiki. Nashuka mbio, nainama: chini pamelowa. Lakini inavuja ncha ipi? Nikiuachia ufunguo nishuke kutazama, petroli nayo inaacha kutoka. Nikapanda, nikashuka, nikapanda. Jirani akiniona atadhani zimeniruka. Hii kazi ni ya watu wawili, hakuna ujanja.

Nimempigia binti yangu. Mama, niko kazini, nitakupigia. Hajapiga.

Nimekaa kwenye usukani mpaka giza likaingia. Wa kuwasha nipo. Wa kusema washa ndiye hayupo. Nimelia, basi.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kaja na gari la kuvuta na dereva wake. Nikamwambia, kabla hamjafunga kamba, kaa hapo, uwashe nikikuambia. Shemeji, utajichafua, kasema. Nimeshachafuka zamani, kaa! Akakaa.

Nikaingia chini. "Washa!" Sauti ilinitoka kubwa, hata mimi nilishtuka. Ncha ya mbele ikaanza kudondosha — klipu nilikuwa nimeikaza juu ya kivimbe badala ya nyuma yake. "Zima!" Nikaisogeza, nikaikaza kwa bisibisi. "Washa!" Pakavu. Pakavu kabisa! Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma hadi nikaisikia mgongoni.

"Zima!" Hakuzima. Nikatoka kwa hasira, tope tupu. Nimemkuta kafunika uso kwenye usukani, mabega yanatikisika. Umeita kama kaka, kasema. Tangu tukiwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa namwashia, kabla yako.

Sikulijua hilo. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nimeingia ndani kumchukulia maji, nikajikuta nimeshika kalamu. Dereva anapiga kelele kutoka getini, mama, tunavuta au hatuvuti? Namwona shemeji kupitia dirishani, hajainua kichwa. Gari linanguruma uani na hakuna anayesema zima.