Vidonge kwenye kijaluba cha udi

Jumatano, baada ya adhuhuri. Mawingu yamefunga tangu asubuhi, mvua haishuki, joto limekaa tu. Mjukuu wangu kanuna. Na mimi nimenuna, ila mnuno wangu ni wa aibu.

Nasema hapa hapa, maana ukurasa huu kanifungulia yeye kwenye simu, akaniambia bibi andika ya moyoni. Haya, asome.

Nina presha. Daktari alinipa vidonge vya aina mbili, kimoja cha kutoa maji na chumvi mwilini. Sasa mimi kila alasiri wanawake wa mtaani wanakuja ukumbini kwangu, nawasomesha Kurani. Na sifa yangu hapa Bagamoyo ni moja: Bi Zuhura akitawadha alasiri, kwa udhu ule ule anaswali isha. Nimeikalia sifa hiyo miaka. Utaitunza vipi na kidonge kinachokuinua kwenda chooni kila ukikaa?

Nikawa nakitia kwenye kijaluba cha udi. Tangu mwezi wa maulidi. Na maji nikayaacha. Kikombe kimoja cha kahawa asubuhi, basi, mpaka nimalize isha.

Wiki iliyopita daktari kapima damu. Kasema presha bado iko juu na mafigo yameanza kuchoka, nirudi Alhamisi aniongezee dawa. Akaniuliza, bibi unameza vyote? Nikamjibu vyote. Mtoto wa watu, mwembamba kama hapewi chakula kwao, kanipokea kwa shikamoo na kunishika mkono mpaka kwenye kiti. Nikamdanganya huku namtazama machoni.

Kaka yangu wa Kiwangwa naye aliambiwa mafigo yameanza kuchoka. Tulimzika.

Leo Mwanahamisi, huyu mjukuu, yuko likizo kutoka chuo cha uuguzi. Kataka kufukiza nyumba, kafungua kijaluba.

"Bibi, hivi ni nini?"

"Njugu."

"Njugu za hospitali?"

Nikamwambia yote, ya udhu na ya maji.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Kakaa mkekani, kaiweka miguu yangu mapajani kwake, akaanza kuikanda huku ananisomesha. Mimi niliyeishia darasa la nne, nasomeshwa na niliyemfunga nepi.

Kasema mwilini mna wajumbe, wanaitwa homoni, wanasafiri ndani ya damu. Ukijinyima maji, figo halijui kama unatunza udhu. Linadhani umepotea jangwani. Basi linatoa mjumbe, anakutana na kitu kilichotengenezwa na ini, kikifika mapafuni kinakamilika, kinakuwa na nguvu ya kukaza mishipa. Mishipa ikikazwa, presha inapanda. Kisha ujumbe unafika kwenye kitezi kilichokaa juu ya figo kama kofia, nacho kinatuma wake: chumvi isitoke. Na chini ya ubongo anatoka mwingine anayesema, maji nayo yabanwe. Wote hao wanahangaika kuniokoa mimi, na mimi nimekaa kwenye mkeka najisifu.

Nikamuuliza, hakuna hata mmoja mwenye akili wa kuwaambia walegeze?

Yupo, kasema. Anatoka moyoni. Damu ikijaa mno na moyo ukavutika, wenyewe unatuma wake kwenye figo: achia chumvi, achia maji. Wengine wanabana, huyu analegeza, hivyo ndivyo mtu anavyoishi. Ila bibi, ukiwa mkavu hivi huyo wa moyo hasikilizwi.

Halafu kasema jambo lililonichoma. Daktari akiona presha haishuki atafikiri dawa haitoshi, ataongeza. Siku nikitubu nikameza zote kwa pamoja, na mwili hauna maji, nitaanguka hapo uani, na mafigo yanaweza kuanguka nami.

"Udhu ukivunjika unatia mwingine, bibi. Figo nitakutilia wapi?"

Nikamwambia asinifundishe dini. Akaendelea kukanda miguu. Nikaona chozi limemdondoka kwenye kifundo changu, akalipaka kama mafuta, akijifanya hakuna kitu.

Mtoto huyu ana kiburi kama changu. Nampenda mpaka naudhika.

Basi kesho ndiyo Alhamisi. Nakwenda na kijaluba mkononi, nakifungua juu ya meza ya yule daktari kabla hajashika kalamu. Mwanahamisi kataka kunisemea, nimemkatalia. Uongo niliusema mwenyewe. Halafu nitamwambia yule kijana ale.

Wanafunzi wangu nao leo wataniona nainuka katikati ya juzuu. Bi Tatu atamgusa mwenzake kwa kiwiko, namjua. Wagusane.

Mafigo yangu, mmenitumikia tangu utoto wangu, watoto sita na wajukuu wasiotulia, hata siku moja sikuwahi kuwauliza hali. Niwieni radhi. Sijui kama mtapona. Daktari atapima tena, nami nitasikiliza.

Mwanahamisi kaniwekea jagi na bilauri hapa pembeni. Kanuna bado, lakini anachungulia mlangoni kuona kama maji yamepungua. Nimekunywa ya pili sasa hivi.

Naishia hapa, naenda chooni. Nikirudi natawadha upya.