Wino Unaofulika

Jumatatu, 3 Novemba
Vichupa vinne mezani, vyote vya wino mweusi. Nimeviita kwa rangi za vifuniko: Mwekundu, Buluu, Dhahabu, Kijani. Karatasi tatu: ya rejista, ya daftari la shule, ya fotokopi. Padri anataka nichague wino mmoja wa rejista mpya ya ubatizo.

Buluu unatawanyika kwenye daftari la shule kama mizizi. Dhahabu unapenya hadi nyuma ya fotokopi. Kijani unakawia kukauka, nimeuvuruga kwa kiganja. Mwekundu, wino wetu wa siku zote, umetulia kwenye karatasi zote tatu. Mstari mwembamba, mweusi hasa. Nimejisikia fahari. Niliuchagua mwenyewe nilipoanza kazi ya ukarani wa parokia hapa Masasi, miaka mitatu iliyopita.

Jumatano, 5 Novemba
Jaribio la maji. Tone moja juu ya kila neno, hesabu hadi sitini, futa. Kijani haukutikisika. Buluu na Dhahabu vimebaki vivuli. Mwekundu umeondoka wote. Karatasi nyeupe, kama haikuandikwa kitu.

Nikasoma lebo upya. Kwa Kiingereza, herufi ndogo: wino huu unafulika, hutoka nguoni kwa maji. Siku ile dukani niliyasoma maneno hayohayo na nikayaelewa. Tena nilifurahi. Nilikuwa na mashati mawili meupe nikiogopa madoa. Nilichagua wino kwa ajili ya shati.

Miaka mitatu ya majina. Sijamwambia Padri.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimefanya ujinga.

Nilijiambia huenda wino uliokaa miaka mitatu umeshika. Nikafungua rejista yenyewe, nikadondosha tone pembeni, palipo patupu. Tone likakimbia. Nikashtuka, nikafuta kwa leso. Leso ndiyo iliyoondoka na jina.

Mstari wa tisa. Tarehe ipo. Jina la mama lipo. Palipokuwa na jina la mtoto pana doa la kijivu.

Kati ya mistari yote, wa Mama Neema wa Lulindi. Kichanga chake cha pili kilibatizwa na nesi hospitalini, kikafariki kabla ya jua kuchomoza. Hakikuwa na msimamizi wala cheti. Kikaratasi cha nesi nilikichana baada ya kunakili, kama ninavyochana vyote. Unadhifu wangu.

Kila tarehe 14 Novemba Mama Neema huja hapa. Hajui kusoma, anahesabu mistari. Anaweka kidole juu ya jina, anakaa kidogo, anaondoka. Mwaka jana nilimuuliza kwa nini asichukue cheti akae nacho.

"Jina lake nyumbani hatulitaji. Baba Neema hataki. Ndiyo maana nimeliweka kwako, mwanangu."

Jina silikumbuki. Mara zote mbili alipokuja nilitazama pembeni, kwa heshima.

Zimebaki siku nane.

Jumamosi, 8 Novemba
Mzee Chitanda, mlinzi, kanikuta na vikaratasi vimelowa dirishani.

"Karani, siku hizi unafua vitabu? Tukuletee na sabuni?"

Nikamwambia natafuta wino usiotoka. Akapandisha mkono wa shati. Jina lake, kovu jeusi, alijichoma utotoni kwa mafuta ya ganda la korosho. "Mke wa kwanza kaondoka, wa pili kaondoka. Hili lipo."

Akanipasulia maganda. Nimejaribu. Kweli hayatoki kwa maji, ila mafuta yametambaa karatasi nzima, na neno limekuwa bonge la kahawia. Hayafai.

Hata yangefaa. Ningeandika nini?

Jumanne, 11 Novemba
Nimeomba ruhusa, nimesema naumwa. Nimepanda hadi Newala kumtafuta yule nesi, alihamishiwa huko. Uwanda wa juu mzima ukungu, nilitetemeka na kishati changu. Nimempata akitoka zamu. Mtu mwema. Alifikiri sana, amefumba macho.

"Kaka, nimebatiza wengi. Yule namkumbuka kwa maji tu. Nilitumia kijiko."

Njia nzima ya kushuka sikufikiri chochote.

Alhamisi, 13 Novemba
Kesho. Nimewaza kubuni jina. Hasomi, hatajua. Nimejichukia kwa kuwaza hivyo, kisha nimewaza tena.

Ijumaa, 14 Novemba
Alifika saa nne, mikono ina madoa ya korosho.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Humu hawapiki?"

Nikafungua kitabu. Kidole kikashuka, moja, mbili, mpaka tisa. Kikasimama.

"Nani kamfuta?"

"Mimi, mama. Kwa maji. Nilikuwa najaribu wino."

Nikaeleza yote, hadi habari ya shati. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kalamu nilikuwa nimeshaijaza Kijani. Nikamwomba anitajie, nimwandike tena kwa wino usiotoka.

Alifungua mdomo. Niliona midomo ikikutana, kama kwa M, au B. Ikaachana.

"Nilimnong'oneza nesi mara moja. Sijalisema tena. Haliji."

Kwa upumbavu nikamsogezea kalamu aandike mwenyewe.

"Ningejua kuandika ningekuja kwako?"

Nikairudisha kalamu mkononi. Nje Mzee Chitanda alikuwa anafagia. Kisha Mama Neema akasema, "Andika Mtoto."

Nikaandika. Nikapuliza mpaka ukakauka. Akaweka kidole, akakiondoa upesi. Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 17 Novemba
Mvua ya kwanza. Nimemwambia Padri. Hakunifukuza. Amesema ninakili rejista yote upya kwa Kijani, mstari kwa mstari. Nimefika wa tisa.

Asubuhi niliandika Mtoto kwenye kipande cha karatasi ya rejista, nikakizamisha kwenye bakuli la maji. Sasa ni jioni. Maji yako safi. Neno halijatoka.