Kuhusu Gari Linalochemka

Tangini, Kibaha
Jumapili, baada ya Alasiri

Kwako shemeji na rafiki yangu Seifu,

Assalaam alaykum. Hamjambo huko Songea? Baridi bado inawalaza na soksi? Na mkeo Hamisa, kile kifua kimemwachia? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Dada yako Firdausi hajambo, isipokuwa ofisi ya Dar inammaliza. Anatoka watoto wamelala, anarudi watoto wamelala, hata yule mdogo akimwona Jumamosi humwamkia kwa adabu kama mgeni. Mimi mwili mzima, ila nimechoka. Nikisema nimechoka usidhani ni uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu naamka nao, nanywa nao chai.

Ujumbe wako niliupata. Unasema mama amekueleza kwamba siku za kliniki tunachelewa kwa sababu gari langu linachemka njiani kila safari, na kwamba wewe umekwishaongea na Abdala wa Kisarawe mjini, mwenye gari jipya, awe anampeleka yeye kuanzia kliniki ijayo. Mimi kibati changu ukaniambia nikiuze kwa wanunua vyuma chakavu. Asante kwa huruma, shemeji, na asante kwa matusi. Nimeona nisikujibu kwa simu kwa sababu nakujua: simu ukipokea unaweka sauti kubwa, nyumba nzima na jirani wa pili wanasikia, na ujumbe wa maandishi wanao wanausoma kabla yako. Ninalotaka kukueleza ni la stara. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono na kuiingiza barua ndani ya kifurushi cha korosho za mama, nikakipeleka kwenye basi. Isome peke yako mpaka mwisho, halafu uichane. Na kabla hujafika mwisho, tafadhali usimthibitishie Abdala chochote.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwamba niko kwenye utafiti wa wagonjwa wa moyo. Kiini chake ni kimoja: mgonjwa anapimwa vizuri, anapewa dawa inayotakiwa, anarudi nyumbani, halafu baada ya muda analetwa hali mbaya kuliko mwanzo. Tunataka kujua anapotelea wapi kati ya kliniki na nyumbani kwake, ili huduma iwe bora na salama. Basi mimi na Justa, dada ninayefanya naye kazi, tunazunguka Kibaha na Kisarawe na madodoso yetu, kuanzia kwa wakulima wa bondeni Ruvu mpaka kwa wachoma mkaa wa Masaki yetu ya Kisarawe, si ile ya Dar. Tunakaribishwa vizuri, tunapewa mkeka, tunauliza. Kila mtu anatujibu kwamba dawa anameza, mwanangu, kama alivyoagizwa. Yule anameza, huyu anameza, na wote wanavimba miguu. Unarudi na makaratasi yamejaa majibu mazuri, na moyoni unajua hujaambiwa kitu. Ukifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, shemeji, hata salamu yako mwenyewe unaanza kuitilia shaka.

Sasa mama. Ulipoambiwa kwamba moyo wake umepanuka na hausukumi damu vizuri, ulinipigia ukaniambia nimwangalie kama mama yangu. Sikuhitaji kuambiwa. Bi Mwanamvua alinipa binti yake wakati sina hata kitanda, na hajapata kunikumbusha. Nikaapa hatapanda bodaboda wala kusimama kituoni. Kila siku ya kliniki nilitoka Tangini alfajiri, nikamfuata Masaki, nikamleta kwenye kliniki ya moyo huku Kibaha, nikamrudisha. Yeye huketi kiti cha nyuma, kajitanda kanga mbili, kimya. Nikimuuliza kama yuko sawa hunijibu kwamba anamshukuru Mungu. Njia nzima ndiyo hayo maneno. Mimi niliona ni heshima ya mkwe na mkwe, nikafurahi kwamba tunaelewana. Wala sikuficha kujisifu. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini kwamba mkwe wangu anaendeshwa kama waziri.

Lakini kila nilipomfikisha kliniki, alifika kavimba. Miguu imejaa, viatu havimwingii, pumzi inamkatikia kwenye ngazi. Daktari wake, Ipyana, kijana wa Mbeya mwenye utulivu, alikuwa anashangaa. Alimuuliza kama vidonge vya kupunguza maji anameza, mama akajibu anameza. Basi daktari akafanya ambalo daktari yeyote angefanya, akaongeza dozi. Safari iliyofuata hivyo hivyo, akaongeza tena. Na kati ya kliniki na kliniki, nyumbani Masaki, mama akawa anapata kizunguzungu, midomo inakauka. Ile siku aliyoanguka jikoni akimenya mihogo, nusura aangukie moto, unaikumbuka mwenyewe. Wewe ulisema madaktari wa huku wanamuua mama yako, na ukataka umchukue Songea. Sikukulaumu. Hata mimi nilianza kumtazama Ipyana kwa jicho la pembeni.

Baada ya kuanguka ndipo mama akakataa dawa kabisa. Hili hukuambiwa lote. Alivifunga vidonge kwenye kitambaa, akamkabidhi Firdausi, akamwambia avirudishe kwa wenyewe, kwamba yeye kama ni kufa atakufa na akili zake. Haukupita muda akawa halali tena chali, anakesha ameegemea ukuta, na sauti yake ikawa inatoka kidogo kidogo. Firdausi alimlilia, akamuuliza kuna nini, akajibiwa kwamba hakuna kitu, uzee tu. Mimi nikakaa barazani, yeye ndani, pazia katikati, nikamsomea maswali yale yale ya dodoso ninayowasomea watu wote. Alinijibu kwa upole, yote sawasawa. Nilirudi kwenye gari nikakaa nimeshika usukani bila kuwasha. Niliona mama anakufa mikononi mwangu, na kazi yangu ndiyo hiyo hiyo ya kujua kwa nini watu wanakufa hivyo. Niliona aibu, na niliogopa.

Aliyemfungua mdomo ni Justa. Justa ni Mnyamwezi wa Tabora, na wewe unajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Siku hiyo aliniambia nibaki garini. Akaingia uani bila hodi, akatangaza kwa sauti kwamba amesikia kuna Mzaramo anakaribia kufa, kwa hiyo amewahi kuchagua masufuria kabla ya ndugu hawajafika. Mama, ambaye siku hizo hata kuitikia salamu kulimchosha, akamjibu kwamba hajapata kuona mpagazi aliyejifunza kupima presha, na kama amekuja kwa ajili ya mzigo basi mzigo ni yeye mwenyewe, ambebe. Nilisikia kicheko mpaka barabarani. Justa akamwambia miguu imejaa hivyo kwa mihogo ya wizi. Wakaendelea hivyo muda mrefu, halafu kicheko kikaisha, sauti zikashuka, nikawa sisikii tena.

Justa alipotoka alikaa kando yangu akitazama mbele, akaniambia alichoambiwa, na kwamba mama ametaka aahidi mimi nisijue mpaka naingia kaburini. Akasema ameahidi, na sasa anaivunja ahadi, kwa sababu anaona bora Mungu amuulize yeye kuhusu ahadi kuliko kuhusu roho ya mtu.

Shemeji, vile vidonge vya maji ukimeza vinakupeleka msalani mara kwa mara, tena kwa haraka, havina subira. Kutoka Masaki mpaka Kibaha ni mwendo. Na anayeendesha ni mkwe. Mama alimuuliza Justa atafungua vipi kinywa kumwambia mume wa binti yake asimamishe gari, yeye Mwanamvua ashuke aingie kwenye mikorosho, halafu arudi akae nyuma yake. Alisema afadhali moyo upasuke. Kwa hiyo kila kliniki ikikaribia aliacha vidonge. Aliacha siku ya safari, akaacha na ya kuamkia safari ili awe na hakika, na maji hakunywa hata tone. Akafika kliniki kajaa. Daktari akaona kajaa, akaongeza. Akirudi nyumbani, kwa uaminifu wake, anameza hiyo dozi iliyoongezwa yote, mwili unakauka, anaanguka. Hata Firdausi mama hakumwambia, kwa sababu alijua neno likimfikia mke humfikia na mume.

Kwa hiyo unaona, hakuwa Ipyana. Ni lile gari, na mimi ndani yake. Angepanda basi na wanawake wenzake angeshuka popote atakapo. Mimi nilimfungia stara yake kwa wema wangu, na kila safari nikajiona mkwe bora. Nimeumia, Seifu. Bado naumia nikiandika.

Justa alimweleza Ipyana, naye akairudisha dozi ilipoanzia, na akamtuma tena Justa kumwambia mama kwamba lazima ameze hata siku ya kliniki, maana daktari anataka amwone dawa ikiwa imefanya kazi. Tukaanza pia kuwauliza wagonjwa wengine, si kama wanameza, bali wamekujaje leo na wamekaa na nani njiani. Majibu yaliyotoka hapo! Mwalimu mstaafu wa Mlandizi, shehe mmoja, mama wa sokoni, wote wanaacha dawa siku ya kliniki, kila mtu kwa aibu yake, na wote wanapimwa siku hiyo hiyo wasiyomeza. Wakubwa wa utafiti walifurahi sana, wakanipa nafasi niyaeleze ukumbini. Nilisimama pale naonyesha michoro ukutani, watu wanapiga makofi, mimi namwona mama na kanga zake mbili kiti cha nyuma.

Lakini mama alikubali kurudi kwenye dawa kwa sharti lile lile, mkwe asijue. Firdausi hapewi ruhusa kazini siku za kliniki. Nikimkodia dereva mwingine ni mwanamume mgeni, mambo yatakuwa yale yale au zaidi. Na nikijitoa ghafla atajua kwamba najua. Nilizunguka na jambo hili mpaka likanitoa usingizi.

Basi sasa nakwambia nililokuitia faragha. Gari langu halichemki. Halijapata kuchemka hata siku moja. Fundi Abeid ameliangalia juzi akaniambia rejeta ile itanizika mimi.

Kati ya Masaki na Kisarawe mjini, baada ya mikorosho, kuna nyumba ya mjane mmoja, Bi Anifa, ana choo kisafi chenye uzio wa makuti. Nilikwenda kuongea naye kabla. Tunapofika pale napunguza mwendo, naguna, nasema gari limechemka, mama, naomba tulipumzishe kidogo. Nafungua boneti, naingiza kichwa humo ndani, na sikitoi. Bi Anifa anatoka, anamkaribisha mama ndani apate kivuli. Mimi naendelea kuitazama injini ambayo haina neno na mimi. Nikisikia mlango wa nyuma umefungwa, nafunga boneti, tunaondoka. Kuna sehemu nyingine mbele, karibu na kuingia Kibaha, linachemka tena. Kliniki mbili hizi amefika miguu myembamba, viatu vyake vya kamba vinamwingia, na anapanda ngazi anasalimia watu. Ipyana amefurahi kama aliyeponywa yeye.

Nilidhani nimemficha vizuri. Sasa sikiliza la safari ya mwisho, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku hiyo nilikuwa nimechoka kuliko kawaida. Jana yake tulimzika mgonjwa wetu mmoja wa Ruvu. Niliendesha mawazo yakiwa mbali, nikaipita nyumba ya Bi Anifa bila kuiona. Tulikuwa tumekwenda kipande ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Mama, ambaye miaka yote hii hajapata kuniomba kitu ndani ya gari lile, alikohoa kidogo, akaniuliza kwa upole kama leo gari halichemki.

Sikugeuka. Nilimjibu kwamba ni kweli, mama, hata mimi nasikia linaanza. Nikageuza, tukarudi kwa Bi Anifa, nikafungua boneti. Nilikaa na kichwa changu mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana machozi yalinitoka na sikutaka Bi Anifa ayaone.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, mwambie Abdala asante, asije. Na mama akikwambia tena kwamba gari la mkwe wake ni bovu, wewe mwitikie, msikitikie, sema utaona la kufanya. Usimuulize zaidi.

Nisalimie Hamisa na watoto. Firdausi anakusalimia, anasema umesahau kwamba huku kuna nyumba. Korosho zimekaangwa na mama mwenyewe, alisimama jikoni mpaka mwisho.

Ni mimi shemeji yako,
Jabiri