Wiki Mbili Kabla ya Kurudia Mtihani

Jumatatu, 5 Mei
Maswali ishirini kabla ya kufungua duka. Kumi na mawili sahihi. Nimesomea stoo, juu ya majora ya pazia, mlango nimeurudishia. Nje spika ya muuza soksi imeanza saa moja asubuhi. Sentensi moja hiyohiyo mpaka jioni. Nikisoma hesabu najikuta nazisoma kwa sauti yake.

Mtihani tarehe 17. Ule wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara, Cape Town. Mara ya pili. Baba hajui hata ya kwanza.

Alhamisi, 8 Mei
Mama alipofariki nilikuja dukani kumsaidia Baba wiki mbili. Huu ni mwaka wa nne. Wateja wa jumla kutoka Mtwara na Songea wananiita bosi mdogo. Nachukia. Halafu najichukia kwa kuchukia, maana wananiita hivyo kwa upendo.

Leo Salma kapiga simu. Nilisoma naye chuo. Kauliza mara ya kwanza kilinikuta nini, mbona hesabu nazijua. Nikamwambia muda uliniishia.

Uongo. Muda ulikuwepo. Nilifika swali la saba nikaona naweza kufaulu. Na nikifaulu itabidi nimwambie Baba. Nikaanza kubonyeza majibu ovyo mpaka mwisho. Sijawahi kumwambia mtu. Nimeandika hapa, basi.

Jumanne, 13 Mei
Baba kanishika mkono kama mtoto, kanivusha barabara, kanizungusha kona mbili. Fremu mpya ya duka. Geti bado linanuka rangi. Juu yake bango: AIKA MAPAZIA. Jina langu, herufi nyekundu, refu kuliko mimi.

"Umeona, mama? Usije ukasema baba yako hakukuwaza."

Nikasema asante. Nikalia. Akadhani ni furaha, akanipa leso yake.

Mchungaji anakuja kubariki Jumamosi saa nne. Jumamosi ndiyo tarehe 17. Mtihani ni saa tatu.



Jumatano, 14 Mei
Sikusoma. Nimekata mapazia siku nzima. Nimekosea kipimo mara mbili. Baba anapiga mluzi.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemwambia.

Tulikuwa tunakula mtori dukani, mchana, hakuna mteja. Nikasema yote kwa pumzi moja: chuo, Jumamosi, mtihani huu na ule wa kwanza. Akaweka kijiko chini.

"Ule wa kwanza ulikuwa lini?"

"Novemba. Siku ile niliyosema naenda kwa daktari wa meno."

Akajifuta mdomo kwa leso yake.

"Nilikuombea, Aika. Asubuhi nzima nililiombea lile jino."

Hakumaliza chakula. Mimi nikamaliza changu, sijui kwa nini. Aibu tupu.

Ijumaa, 16 Mei
Hajanisemesha. Kaagiza kreti za soda za kesho, kakodi viti. Hajaahirisha chochote. Mimi pia sijaahirisha.

Nimempigia Salma, nikamwambia ukweli wa swali la saba. Hakucheka wala hakunihurumia. Kasema, "Kesho ukifika la saba, nenda la nane. Basi."

Jumamosi, 17 Mei
Baba alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe.

"Baba, naenda."

"Nenda." Hakuinua macho.

Chumba cha mtihani kiko Upanga, ghorofa ya tatu. Baridi ya kiyoyozi. Simu inafungiwa kabatini. Swali la saba. Nikajibu. La nane. La tisa. Lilikuwepo moja ambalo sikulielewa kabisa, nikabahatisha, nikapita. Saa nne ilipofika niliiona kwenye kona ya skrini. Nikajua wameinamisha vichwa kule kwenye fremu, na kiti kimoja cha mbele kiko wazi. Nikaendelea.

Mwisho alama zikatokea palepale. Zinatosha. Zimezidi kidogo kiwango cha chuo.

Nilitaka kufurahi. Nikakaa kwenye ngazi za lile jengo kama mtu aliyefiwa. Watu wakawa wananipita, wananiambia pole.

Jumapili, 18 Mei
Kanisani tumekaa benchi moja. Nikapika ndizi nyama. Kala, kaomba aongezewe. Sijui maana yake nini.

Baada ya chakula nikaleta chai. Dirishani, mtaa umetulia kidogo, maduka mengi yamefungwa.

"Umepata?" kauliza, anatazama kikombe.

"Nimepata, Baba."

"Chuo kinaanza lini?"

"Januari."

Akahesabu kwa vidole, polepole. Akarudia kuhesabu.

"Basi tuna miezi saba ya kutafuta mtu wa fremu."

Nikamwongezea chai. Akanywa.