Mume Uliyemtuma Kukagua Kwetu

Sánchez, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Kwako Mama yangu Nereida,

Naomba baraka zako kama inavyonipasa, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko Madrid, na kile kikohozi cha baridi kimekwisha. Sisi hapa hatujambo. Bibi Fefa anakula, anasali na anagombana na majirani, kwa hiyo ujue afya yake ni njema. Mimi nimejaa mabega, na wasichana wa mtaa wa juu wanasema nimekuwa mwanamume wa kutazamwa mara mbili. Nakuandikia hayo kwa kuwa hukuwepo kujionea. Salamu zimekwisha. Sasa ujue kwamba nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huanza kulia, halafu mimi najikuta naomba msamaha kwa makosa yako. Barua haikatizwi. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu alisema kuku anachakura vizuri zaidi, ndiyo maana mimi na shule tuliachana mapema. Utaisoma hivyo hivyo. Anakuletea Don Aurelio mwenyewe, huyo mgeni uliyenitumia, akiondoka kesho, ndani ya bahasha niliyoibandika kwa gundi ya viatu ili asiifungue.

Hebu kumbuka uliniambia nini mwezi wa pili. Ulisema kuna mzee wa Kihispania, mtu mwema, ambaye dada yake ulimuuguza mpaka akafariki. Amestaafu kazi ya reli na anatafuta nchi ya joto ya kumalizia maisha. Ukaniagiza nimpokee, nimtembeze siku saba, nimwonyeshe kila kitu na nimheshimu. Basi. Hukuongeza hata neno moja.

Nilimpokea kama balozi. Unajua hakuna dereva wa pikipiki kati ya hapa na Nagua anayekata kona kama mimi, lakini mzee ana miaka sabini na moja, nikaihurumia mifupa yake, nikaazima gari la rafiki yangu Wandy. Ana daftari dogo la kijani. Kila tulipofika alisimama na kuuliza: maji hutoka siku ngapi kwa wiki, daktari yuko umbali gani, nyumba ina ngazi ngapi, umeme hukatika mara ngapi. Chelo wa dukani alimtazama, akaninong'oneza kwamba huyu anakagua ng'ombe, na ajabu ni kuwa bado hajatufunua midomo ahesabu meno. Siku mbili za mwanzo nilimjibu ukweli mtupu. Tena nilipasifia kwetu. Nilimwambia umeme ukirudi mtaa mzima hushangilia. Akacheka, akasema kwao umeme haujawahi kumfurahisha mtu yeyote.

Siku ya tatu, alasiri, tulikuwa tunacheza domino mbele ya duka la Chelo. Mzee anacheza vibaya, anafikiri mno. Toño kinyozi, ambaye mdomo wake hauna mlango, akamuuliza inakuwaje mtu mwenye pensheni ya Ulaya aje kuzeekea huku kwenye mbu. Don Aurelio akaiweka kete yake taratibu, akasema anayetaka ni mke wake. Mke wake amechoka na baridi, anataka kurudi kwao. Toño akauliza kwao ni wapi. Akajibu ni hapa hapa, mke wake ni Nereida binti Fefa, na akanionyesha mimi kwa kidevu, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mtu analijua.

Mama, nilikaa na kete saba mkononi nisijue hata moja ina nukta ngapi.

Walinicheka mpaka mbwa wakaja kutazama. Toño akaniuliza suti yangu ya harusi niliivaa siku gani, maana yeye ndiye huninyoa na hakumbuki kuninyoa kwa ajili ya sherehe. Wandy akaniambia niinuke kwenye kiti kizuri nimpishe baba. Chelo, ambaye siku zote hunitetea, akasema jamani mwacheni, mtoto wa watu hakualikwa, halafu naye akacheka mpaka akajishikiza kwenye friji. Maskini Don Aurelio alibadilika rangi. Akaniomba radhi mbele yao wote, akasema alidhani ulikwisha niambia zamani. Mwaka mmoja na nusu, Mama. Umeolewa mwaka mmoja na nusu, na habari nimeipata mezani pa domino kwa mtu asiyejua hata kucheza.

Nilikwenda mbio kwa Bibi Fefa nikidhani nampelekea habari. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema anajua, alijua tangu siku ile ile, na picha ya harusi iko chini ya godoro lake. Nikamuuliza kwa nini amenificha. Akasema wewe ndiye uliyemwomba, ulitaka kuniambia ana kwa ana, na isitoshe kichwa changu huchemka haraka kuliko kahawa. Nikamwambia kahawa haikuachwa na mama yake ikiwa na miaka tisa. Alinipakulia ukoko wa wali, wote wa sufuria nzima, kana kwamba mimi bado ni wa kunyamazishwa kwa ukoko. Niliula, lakini niliula kwa hasira.

Na usifikiri kilichoniuma ni wewe kuolewa. Olewa hata mara tatu. Kilichoniuma ni kwamba kurudi kwako kumeandikwa kwenye daftari la mtu. Miaka kumi na moja nakuuliza utarudi lini, na miaka kumi na moja unaniambia mwakani. Kumbe mwakani ilipofika, hukuuliza kama mwanao yupo. Ulimtuma mgeni aje kupima maji na umeme, akiridhika ndiyo urudi, asiporidhika ndiyo basi. Na mimi je? Maji yalikatika, umeme ulikatika, mimi sikukatika hata siku moja. Nilikuwa hapa hapa. Hilo halikuhitaji mtu wa kulikagua.

Sasa nikueleze mambo yalivyo, maana akifika utamsikia. Atakuambia hapafai. Atakuambia chumba chake kilikuwa mbele ya uwanja wa kupiganishia majogoo na hakulala. Atakuambia umeme ulikatika siku tatu mfululizo, kila alipoketi kula. Atakuambia maji hutoka mara mbili kwa mwezi, daktari huja Alhamisi tu, na mvua hunyesha miezi tisa. Jana alimwambia Bibi Fefa, kwa upole sana, kofia mkononi, kwamba amejaribu kutafuta upande mzuri lakini hawezi kukuleta mahali kama hapa, hivyo mtabaki Madrid. Bibi aliweka sahani chini. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, kisha akatoka uani na kukaa huko mpaka mchuzi wake wa sancocho ukaungua.

Leo asubuhi Don Aurelio alimwomba Bibi ampeleke makaburini. Alitaka kumsalimu Babu kabla ya kuondoka, kwa kuwa ni baba mkwe wake na hawakuwahi kuonana. Walitoka na maua. Daftari likabaki mezani, karibu na kikombe.

Nililifungua. Usinihubirie, kila mtu angelifungua. Unajua mimi husoma kwa kidole, kwa hiyo ilinichukua muda. Nilitegemea kukuta mambo ya Mzungu mstaafu: bahari iko wapi, mvinyo upo au haupo. Yake mwenyewe nilikuta moja tu, kwamba kahawa ya huku ni nzuri. Mengine yote yalianza na herufi N. N. ana goti bovu, hivyo ngazi zisizidi mbili. N. apate daktari wa goti karibu. N. hapendi kelele baada ya saa tatu. N. aweze kwenda kanisani kwa miguu. N. huamka usiku kunywa maji, hivyo maji yawepo. Na juu kabisa, kabla ya yote, limeandikwa jina langu: nyumba ya Eudys, dakika ngapi kwa miguu kwa mwendo wa N.? Pembeni yake, kwa herufi ndogo: N. anasema hili ndilo la kwanza, bila hili tusiangalie mengine.

Mengine yote yalikuwa na majibu. Hilo halikuwa na jibu. Nadhani baada ya siku ile ya domino aliona haya kuniuliza.

Mama, majibu yale ni yangu. Tangu siku ya tatu sikumwambia neno moja la kweli. Chumba cha mbele ya majogoo nilimtafutia mimi, nikamwambia kule alikokuwa kuna kunguni. Umeme nilimlipa mdogo wake Wandy kwa bia mbili aushushe kwenye swichi kubwa kila mzee akishika kijiko. Kwa daktari nilimpeleka saa ya chakula, mlango umefungwa, nikasema ndivyo ilivyo hadi Alhamisi. Nilitaka akukimbie wewe na kwetu kwa pamoja. Nilidhani namfukuza yeye. Sikufikiri kwamba nakufungia mlango wewe, au nilifikiri, na nikaona vizuri tu uonje.

Hilo ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua.

Nyumba ya marehemu Cuca, ile ya bluu nyuma ya kanisa, iko tupu tangu Desemba. Haina hata ngazi moja, tangi lake la maji ni kubwa, na tangu siku ile ya domino nilizungusha gari ili tusiipite. Leo nilipofunga daftari nilikwenda pale, nikasimama mlangoni, nikatazama saa, nikaanza kutembea kuja kwetu nikichechemea. Hukuniambia goti ni lipi. Hukuniambia hata kwamba unaumwa goti. Kwa hiyo nilikuja nikichechemea mguu wa kushoto, nikarudi nikichechemea wa kulia. Toño alitoka nje na wembe mkononi, akauliza kama bwana harusi amenikanyaga. Sikumjibu, nisije nikapoteza hesabu. Ni dakika sita kwa kushoto, na saba kwa kulia, kwa sababu ya mteremko. Nimeziandika zote mbili mwenyewe ndani ya daftari, kwa mwandiko wangu huu wa kuku.

Sasa mzee amelala kwenye kiti cha kubembea, mdomo wazi. Akiamka nitampakia kwenye pikipiki nimpeleke kwa Cuca. Yale mengine nitamwambia njiani, yeye akiwa nyuma yangu, asinione uso. Akitaka kunipiga kofi, kofia ngumu ya pikipiki ninayo. Akikataa kabisa, basi utajua ni kwa sababu yangu, si kwa sababu ya maji.

Bado nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka uje usimame mbele yangu nikuambie. Bibi Fefa anakusalimu, anasema ule vizuri. Chelo anakusalimu na anataka kuiona picha ya harusi, maana Bibi hataki kuitoa chini ya godoro. Niandikie goti ni lipi.

Mimi mwanao,
Eudys