Mume Wangu Anagombea Saltmarsby

Jumatatu, 29 Aprili 1929
Gervase ameacha benki! Ametutangazia asubuhi, kati ya yai na mkate wa kuchoma, kwa sauti ileile anayotumia kusema mvua itanyesha. Anataka ubunge. Chama kimempa jimbo letu la Saltmarsby. Mgombea wao ameugua, na hakuna mwingine aliyetaka. Hilo la pili hakulisema yeye — nimelipata kwa mke wa kasisi.

Mama mkwe, ambaye hasikii vizuri, hakuwa na pembe yake ya kusikilizia. Alichosikia ni kwamba mwanawe ameondoka benki. Akaweka kijiko chini, akamuuliza taratibu, "Umeiba nini, Gervase?"

Ilibidi arudie mara kadhaa. Alipoelewa kwamba ni siasa, akasema afadhali ingekuwa wizi.

Binti yetu Philippa alijimiminia chai. Ana miaka ishirini na miwili, na sheria mpya inamruhusu kupiga kura mwaka huu. Alikuwa anatabasamu ndani ya kikombe. Sikulipenda tabasamu lile.

Na mimi? Nilimpongeza. Lakini Gervase amekuwa London kila juma tangu tuoane. Anaijua Saltmarsby ya Jumamosi na Jumapili tu, watu wakiwa wameshanawa.

Jumatano, 8 Mei
Tumezunguka nyumba kwa nyumba, mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha bia. Meneja wa kampeni ni Bwana Skelby, muuza mbegu, mnene, mwenye haraka. Amemfundisha Gervase: bisha hodi, vua kofia, tabasamu, uliza habari za watoto. Kuvua kofia aliweza.

Masikini. Maisha yake yote amekaa nyuma ya meza, watu wakija kumwomba. Sasa mwombaji ni yeye, na mwili wake bado haujapata habari. Mama mmoja mwenye povu la sabuni hadi kwenye viwiko alimuuliza kwa nini ampe kura yake. Gervase akamtazama kwa huruma, akamjibu kwamba ombi lake litafikiriwa.

Mwingine alimkabidhi mtoto mchanga ili ambusu. Akampa mkono! Mtoto akaushika, wakatazamana kwa heshima kubwa.

Skelby alinivuta pembeni, akaniuliza kama huwa anacheka nyumbani. Nikamwambia ndiyo, Krismasi moja.

Jumanne, 14 Mei
Balaa. Philippa amebandika picha ya mpinzani wa baba yake kwenye dirisha la chumba chake. Dirisha la mbele, la barabarani! Muuza maziwa ndiye aliyetupa habari, huku akijikaza asicheke.

Skelby alifika uso umemwiva kwa hasira, akataka picha ishushwe sasa hivi, akaanza kupanda ngazi mwenyewe. Gervase akasimama mbele yake. Sijawahi kumwona akimzuia mtu njia.

"Bwana Skelby," akasema, "hicho ni chumba cha binti yangu. Atakayeingia, aingie amekaribishwa."

Skelby akashuka. Gervase akarudi kwenye gazeti lake. Philippa alikuwa juu ya ngazi, amesikia yote. Picha bado ipo, lakini chakula cha jioni amempakulia baba yake kwanza.

Na mimi nilikaa namtazama mume wangu kama mgeni aliyeingia na koti zuri.

Jumamosi, 18 Mei
Mnada wa ng'ombe. Gervase kawaelezea wafugaji kuhusu dhahabu na riba, mvua ikinyesha. Aliposema taifa linahitaji subira, ng'ombe mmoja akalia kwa uchungu mrefu, na ndio sehemu pekee ya hotuba iliyopigiwa makofi. Amerudi amelowa chapachapa. Sauti imekwenda kabisa. Nimempaka mafuta ya karafuu kifuani. Ananong'ona tu — na hata minong'ono yake ni ya riba.

Jumanne, 21 Mei
Lazima niandike haraka, kabla sijasahau.

Mkutano mkubwa ulikuwa leo alasiri, ukumbi umejaa, na Gervase hana sauti. Skelby akasema Bibi Lorimer, yaani mimi, atamsomea hotuba. Nikapewa makaratasi. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Watu wakaanza kukohoa, mmoja akafunua sandwichi yake.

Sijui nilifanyaje. Niliyaweka makaratasi kitini.

Nikawaambia habari za Februari, mfereji ulipovunja kingo na tope likaingia majikoni. Nilikuwepo, nikichota tope na ndoo pamoja nao, kwa hiyo niliwataja kwa majina. Nikasema kingo zile zimezibwa kwa magunia mpaka leo, na bungeni hakuna aliyewahi kulitaja tope hilo. Sandwichi ikarudi kwenye karatasi.

Nikasema, "Mume wangu hajui kuahidi. Tangu tuoane ameniahidi vitu viwili tu. Vyote nimevipata, ingawa kimoja kilikuwa jiko la makaa."

Walicheka mpaka madirisha yakatikisika! Halafu mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Mbona hugombei wewe, mama?" Makofi. Marefu. Nikageuka. Gervase alikuwa anapiga makofi pamoja nao, polepole, ananitazama usoni.

Gari lilipofika getini, Gervase akanigeukia.

"Walicheka kila ulipotaka wacheke," akasema.

Nikamwambia ni bahati. Akatikisa kichwa na kuingia ndani. Sijui kama alikuwa na fahari au ameumia. Nadhani hata yeye hajui.

Alhamisi, 30 Mei
Tumepiga kura. Mama mkwe aliuliza kwa sauti, mbele ya kituo kizima, Gervase ni yupi kati ya hao kwenye karatasi. Philippa alitoka na uso wa mtu mzima. Baba yake akamsalimu kwa kuvua kofia. Hakumuuliza kitu.

Ijumaa, 31 Mei
Ukumbi wa manispaa, chumba cha pembeni. Wanahesabu upya, mara ya pili. Gervase yuko nyuma, au yuko mbele, inategemea unamuuliza nani.

Skelby ameniita kwenye korido. Kumbe alitumwa na wazee wa chama. Hata ikiwaje leo, wanataka uchaguzi ujao jina liwe langu. Hapa kama Gervase akishindwa, jimbo la jirani kama akishinda. Nikamwambia nitalifikiria. Niligundua kwamba sikuwa nimesema hapana.

Niliporudi, Gervase aliuliza Skelby alitaka nini. Nikasema alikuwa ananiuliza kama tunataka chai.

"Amekuwa akiuliza muda wote huo?" Sauti yake imerudi, ina mikwaruzo kidogo.

Amekaa karibu yangu, bega kwa bega, kitu ambacho hafanyi mbele za watu. Nje wanaitana, viti vinaburutwa, mtu anasema wagombea waje. Hajasimama. Anaitazama penseli yangu. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza ninaandika nini humu, na sasa ameniuliza.

Nimemwambia: hotuba.

Hajauliza ya nani. Amenyoosha ukosi wake, kisha ameninyooshea kofia yangu, na bado ameushika ukingo wake, akisubiri niweke penseli chini.